Walitutabiria kifo: je, walisema uongo?

Iko habari moja katika Maandiko Matakatifu ambayo sisi wakristu wa Goma ingetupasa kuijua kuliko wengine. Ni habari ya nabii Yona. Alitumwa Ninawi kutangaza kwamba baada ya siku 40 mji utaangamizwa. Watu wakasikia, wakafunga, mfalme mwenyewe akaketi majivuni. Siku 40 zikapita, mji ukabaki. Ndipo Yona akakasirika, kwa kuwa neno alilolitangaza halikutimia.

Sisi nasi tulitabiriwa kifo, nacho hakikuja jinsi tulivyoambiwa. Lakini kwetu waliokasirika ni watu wa mji.

Tukumbuke. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Kisha tukaanza kunawa mikono kwa maji yenye dawa kwenye vizuizi vya njiani, sokoni, shuleni na mlangoni pa kanisa. Tulipimwa joto la mwili kwenye paji la uso mara nyingi, hata watoto wakaufanya kuwa mchezo. Ebola haijaisha bado, korona ikaingia Kongo, Machi 2020. Tangu tarehe 19 ya mwezi ule makanisa na shule vikafungwa. Mpaka wa Rwanda ukafungwa vilevile. Pasaka tuliisali nyumbani, sikio kwenye redio.

Tulichoka, wala tusione haya kulisema. Mtu mwenye bomba la maji na akiba ya chakula anaweza kuambiwa abaki nyumbani. Lakini wengi wetu twala jioni kile tulichokipata asubuhi, na maji twayabeba kwa bidoni kutoka ziwani. Mama mmoja wa shirika letu alikuwa akivuka Petite Barrière kila siku kununua nyanya na kabichi Gisenyi. Mpaka ulipofungwa, biashara yake ikafa. Siku moja alituuliza: «Hawa wanaohesabu watakaokufa kwa korona, ni nani anayewahesabia watakaokufa kwa njaa?» Hatukuwa na jibu. Na surua ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo tangu mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo. Kwa ajili yao hakuna aliyefunga mpaka.

Tena redio ilituletea hesabu za kutisha. Tarehe 7 Mei 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba katika nchi 47 za Afrika watu kati ya 83,000 na 190,000 wangeweza kufa katika mwaka wa kwanza. Tukangoja. Maiti hazikujaa njiani. Basi tukasema: wametudanganya, wanatafuta fedha tu. Wengine wakasema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Kashne zikashuka kidevuni, hata za askari waliotukamata kwa sababu ya kashne.

Lakini tuulizane kwa dhamiri safi: je, walidanganya? Katika tangazo lile mlikuwa na neno dogo: «kama». Watu hao wangekufa kama ugonjwa usingezuiwa. Neno hilo lilipotea njiani. Mtaa ulishika hesabu, «kama» ikaanguka chini.

Tutazame Ebola. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alijulikana mjini mwetu. Watu wengi waliogopa: mji mkubwa, wenye uwanja wa ndege, kando ya mpaka! Lakini wagonjwa waliopatikana Goma siku zile walikuwa 4 tu. Kwa nini? Kwa sababu waganga walimtafuta kila mtu aliyewakaribia, wakawachanja. Na sisi tulinung'unika huku tukinawa. Upande wa Beni na Butembo, ambako vita na mashaka viliwazuia waganga, ugonjwa ulienea. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Goma ilipona kwa kuwa ilionywa, nayo ikasikia.

Kwa korona tusijisifu vile. Wakongo wengi ni vijana, na ugonjwa ule uliwaua zaidi wazee. Tena wako waliokufa pasipo kupimwa. Sisi wenyewe tulizika wazee tukasema ni presha, wala hatukutaka kuuliza zaidi. Makanisa yalipofunguliwa tarehe 15 Agosti 2020, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tuliimba kwa nguvu zote. Lakini kwenye benchi la wazee palikuwa na nafasi wazi, wala si kwa sababu ya amri ya kukaa mbalimbali.

Basi, tujifunze nini? Wanaotuonya wasiliache neno «kama», na kabla ya kufunga soko waulize watu watakula nini. Mungu alipomkemea Yona, alimkumbusha watu wa Ninawi, zaidi ya 120,000. Aliwahesabu kwa sababu aliwahurumia. Anayetuhesabu hivyo, tutamsikiliza.

Na sisi, baya tuliloonywa lisipofika, tusimcheke aliyetuonya. Tumshukuru Mungu. Mwaka 2024 mpox ilipotangazwa katika Kivu, maneno yaleyale yalirudi midomoni mwetu: ni uongo wao, ni fedha zao. Kumbe tulikuwa hatujajifunza. Siku nyingine redio ikitutisha, tuulize kwanza: «Kama nini?» Tukiisha kujibiwa, tunawe mikono, tumtazame na jirani asiye na chakula. Ninawi haikuokoka kwa kumbishia Yona.