Vazi la Kwanza

Kabla ya kuvikwa nguo, binadamu huvikwa ngozi. Vazi hili halina mshono, wala halikufumwa kwa siku moja. Sikupata kulifikiri mpaka dada yangu alipojifungua mtoto mwenye mdomo wa juu uliopasuka na viganja vilivyogawanyika katikati. Majirani walinong'ona kwamba mama yake, alipokuwa mja mzito, alimcheka mtu mwenye kilema. Dada alisadiki, akainama kwa aibu.

Daktari alitwambia neno jingine: jeni moja, iitwayo p63, ilikuwa na kosa. Nikaenda kusoma habari zake.

Mwanzoni mtoto tumboni hufunikwa na tabaka moja tu la chembe hai, jembamba kama utando. Jeni ya p63 ni kama msimamizi wa kazi: protini yake huziamuru jeni nyingine ziamke au zinyamaze. Kwa amri hizo chembe za chini hugawanyika. Baadhi hubaki chini ziendelee kuzaa, na nyingine hupanda tabaka baada ya tabaka, zikijaa keratini, ambayo ndiyo asili ya kucha na nywele. Zifikapo juu hufa, na maiti zake ndizo ngao yetu.

Mnamo 1999 wataalamu walieleza habari za panya waliozaliwa bila p63. Ngozi yao haikupata matabaka. Miguu ya mbele ilikuwa vigutu, na ya nyuma haikuota. Maji yakawatoka mwilini, wakafa punde baada ya kuzaliwa. Mwaka uo huo ikajulikana kwamba kosa dogo katika jeni hii huwapa watu midomo na mikono kama ya mpwa wangu. Kosa hilo mtoto aweza kulirithi kwa mzazi, au huzuka upya katika yai la mama au mbegu ya baba. Kicheko hakina uwezo wa kuliandika.

Nilimweleza dada hayo yote. Akalia, lakini kilio kile hakikuwa cha aibu tena. Baadaye mdomo wa mtoto ulishonwa, na leo hushika kalamu kwa namna yake mwenyewe.

Tangu siku hizo nimejifunza jambo moja: ujinga humtafuta mkosaji, elimu huitafuta sababu. Naye mama aliyeondolewa lawama humbeba mwanawe kwa mikono myepesi.