Picha ya baba na mlima nyuma yake

Ndugu zangu, wengi wetu tulikimbia na picha moja mbili tu. Msiziache zilale kwenye begi. Picha inaongea, ila lazima uiulize.

Yangu ni ya marehemu baba akiwa kijana, amesimama mbele ya duka huko Goma. Mama hakuwa amekutana naye bado, na nyuma hakuna tarehe wala jina la barabara. Nikaanza na mlima. Nyiragongo uko kaskazini ya mji, Ziwa Kivu liko kusini. Mlima uko nyuma ya baba, basi mpiga picha alilipa ziwa mgongo. Kibao cha duka kina neno Zaïre: nchi iliitwa hivyo kuanzia 1971 hadi 1997. Pembeni linaonekana kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, bado zima. Moto wa volkano wa tarehe 17 Januari 2002 ndio ulioliharibu, ukapita mjini hadi ziwani.

Nikawapelekea wazee wa kambini. Mmoja akasema, “Mwanangu, hapo tulikuwa tunanunua sabuni.” Akanitajia hadi kona.

Duka lile sasa liko chini ya mawe. Lakini mdogo wangu, aliyezaliwa hapa kambini, alikuwa anajua Goma kama jina la vita tu. Saa hii anajua baba yake aliuza sabuni karibu na kanisa.

Na ninyi mnaotuhudumia, mkituuliza tulikimbia lini, ulizeni na picha pia. Wazee wetu wanapungua. Andikeni majina nyuma, kwa penseli, leo.