Kilichomo Pembeni mwa Picha

Lenzi pana ya milimita 28, ya ile aina nyembamba isiyofika unene wa vidole viwili, hukaa katika mfuko wa kanzu bila kumwelemea mtu. Ndiyo tuliyosafiri nayo hadi Bokoli, kaunti ya Bungoma, kwa kuwa dada yetu wa Mombasa, ambaye magoti yamemzuia safari, alitamani kuona alikoolewa bintiye: nyumba yake, na mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba.

Wengi hudhani lenzi pana huukuza mlima. La! Kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, lenzi hii hukusanya nyuzi 75 hivi kutoka pembe hadi pembe, ilhali ile ya milimita 50 haikusanyi hata 48. Na mwenye kukusanya mengi hukipa kilicho mbali nafasi finyu. Elgon, wenye mita 4,321, hutoka kama kichuguu nyuma ya mahindi. Dawa ni kukikaribia kilicho mbele, muwa au ukingo wa njia, ili jicho lipate pa kuanzia. Na iwe asubuhi, jua la mashariki likiupiga mlima usoni, kabla mawingu hayajaufunika.

Hilo la mlima ni jepesi. Lililotushughulisha ni la pembeni. Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kueleza, yapata miaka elfu iliyopita, kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia machoni. Lakini jicho tumeamrishwa kuliinamisha, na lenzi haijui kuinama. Tulipoielekeza kwenye nyumba ya mpwa wetu, ukingoni kabisa alionekana jirani uani mwake, kichwa wazi, akiosha vyombo, wala hana habari nasi. Lenzi ya kawaida isingemfikia. Tukaishusha kamera, mpwa wetu akaenda kupiga hodi.

Bibi yule, Mkristo wa papo hapo, alicheka. Hakutaka kuachwa nje. Alitaka kuwamo, ila apewe muda ajifunge kitambaa. Tukamweka katikati, ubavuni mwa mpwa wetu, kwani lenzi pana huzivuta nyuso za ukingoni zikapanuka, na hiyo si heshima kwa mwanamke aliyekwisha kujipamba. Mlima ukabaki nyuma yao, mdogo, wa buluu.

Picha ilipofika Mombasa, dada hakuuliza habari za mlima. Aliuliza jina la jirani, na juma lile lile akampelekea jozi ya leso kwa basi.