Fundi wa Masasi Afika Frere Town

Ofisa wa mpakani Horohoro alituuliza tunakwenda Kenya kufanya nini. "Misheni," padri akajibu. Kijana yule akatupitishia macho, akayaona magitaa, randa na misumeno ya fundi, akagonga mihuri bila neno la pili. Kutoka Lunga Lunga ni minazi na mikorosho, Msambweni, Ukunda, hadi Likoni, ambako tulibanana kwenye feri na wachuuzi na mikokoteni. Tulivuka kisiwa, tukapita daraja la Nyali, na makondakta walipoanza kuita "Bamburi! Mtwapa!" tukajua tumefika Kengeleni, Frere Town.

Kengele yenyewe ipo bado kando ya barabara kuu, imening'inia kwenye kijinara chake, na matatu zinaipita kwa kasi. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwatahadharisha watu kila wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wanakuja. Siku hizi hata ikipigwa sidhani kama itazishinda honi.

Sisi wa Muheza ni Waanglikana wa uvumba, urithi wa misheni ya UMCA pale Magila. Frere Town ni ya misheni ya CMS, na kwao ibada haina moshi. Kasisi aliyetupokea alimshika padri wetu mkono akamuuliza, "Baba, chetezo mmekiacha forodhani?" Tukacheka, tukapewa chai na mahamri, tukaonyeshwa kazi: kuimba, kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, na kutengeneza mabenchi yaliyolegea miguu. Mabenchi yalikuwa ya fundi, Myao wa Masasi aliyeoa Muheza, mtu wa maneno machache.

Nilikuwa nimesoma kidogo habari za mahali hapa kabla ya kuja. Jina ni la Bartle Frere, aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. William Salter Price wa CMS ndiye aliyefika mwaka uliofuata kuanzisha kijiji. Hao wawili utawakuta katika kila simulizi. Mimi nawaona zaidi watu wa Nasik. Walikuwa watoto wa Kiafrika waliokamatwa bara, wakauzwa, wakaokolewa majahazini na manowari za Waingereza, wakapelekwa India. Huko Nasik, kwa akina Price, walifundishwa kusoma, uhunzi na useremala. William Jones na Ishmael Semler walirudishwa Afrika mwaka 1864, wakawekwa Rabai kumsaidia mmisionari Rebmann, miaka kumi kabla Frere Town haijawa na hata kibanda. Nasema walirudishwa, ingawa Mombasa haikuwa kwao. Jones alikuwa Myao; kwao ni kusini mbali. Kwangu mimi timu ya misheni ya kwanza hapa, kama tunavyosema leo, ni hiyo.

Na kazi yao haikuwa nyepesi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler ushemasi, kisha akamchukua Jones katika safari ya Uganda kupitia nchi ya Wamasai. Kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu alimwacha Jones na wapagazi wengi, akatangulia na watu wapatao hamsini. Mwezi wa Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu wake pia. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kwa miguu mpaka Rabai, wakafika Februari 1886 na bendera iliyoshonwa neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Hannington ana sikukuu yake katika kalenda ya kanisa. Jones sijawahi kumsikia akitajwa madhabahuni kwetu.

Tena kijiji chenyewe hakikuwa paradiso kwa walioachwa huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja wa misheni aliwachapa watu viboko mpaka uchunguzi ukafanywa. Kitu hicho huwa hakiingii katika mahubiri ya shukrani, na nadhani kingefaa kiingie, hasa timu kama zetu zikiwa zinasikiliza.

Mwenyeji wetu, mama mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Bibi, hakuhitaji vitabu. Alikuwa akikaanga mahamri kwenye karai huku akimtupia macho fundi aliyekuwa nje ya dirisha anapiga randa. "Babu yangu alishushwa hapa na meli," alisema. "Kwao akijua jina la mto tu." Alimtaja James Mbotela, aliyeandika *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, kama mtu anavyomtaja jirani, na Leonard Mambo Mbotela wa redio kama mtoto wa mtaa. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Na huyu fundi wenu kabila gani?"

"Myao, Bibi. Wa Masasi."

Aliepua karai. Akatoka nje na mwiko mkononi unaodondosha mafuta. Fundi akasimama, akamwamkia kwa Kiyao, polepole, salamu ndefu ya kumheshimu mkubwa. Bibi hakuelewa hata neno. "Sema tena," akamwambia. Akasema tena. Akaitwa binti wa nyumba ya pili, akaitwa mzee wa kanisa, na baada ya kitambo fundi alikuwa amezungukwa na watu wanaotaka kujua mito yote ya kusini kwa majina. Alianza na Ruvuma, akaendelea na Lumesule, na Bibi akimsimamisha kila mara, "Huo, ulitaje tena huo."

Mabenchi tukayamalizia sisi tusiojua. Mawili yanayumba mpaka sasa, na kasisi ameshatuambia kwa simu.

Usiku kwenye chakula Bibi alitangaza kwamba kwaya ya akina mama itakwenda Masasi, tena kwa misheni, si kwa matembezi. Padri akasema ni vizuri. Kasisi akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu ya nauli: Mombasa hadi Tanga, Tanga hadi Dar es Salaam, Dar hadi Masasi, kwenda na kurudi, kwa watu ishirini na tano. Alipofika kwenye jumla akanyamaza. "Anza na nauli yangu," Bibi akamwambia, "hao wengine tutawachangia."