Nilikuwa Nafunga Duka

Mombasa,
Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Picha ya daftari uliyonitumia kwa simu nimeipata. Nimeikuza mpaka nikayahesabu maduara yote mekundu ya mwalimu, saba, na chini yake nikaliona swali lako: nitajuaje pa kuandika "was going" na pa kuandika "went"?

Unasema mwalimu wenu amewaambia kitendo kirefu ni "was going" na kifupi ni "went". Simlaumu, hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Lakini pima mwenyewe. Nilifanya ukalimani mahakamani miaka 26, na nikimsimulia Mwingereza nitasema "I worked there for 26 years". Kuna kitendo kirefu kuliko hicho? Na kufunga mlango ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini "I was closing the door" utaisikia kila siku. Urefu haukusaidii kitu. Jiulize umesimama wapi unaposimulia: uko ndani ya kitendo, hakijaisha, au uko nje yake unakitazama kizima?

Hilo sikulijua darasani. Nilifundishwa na aibu.

Ilikuwa kesi ya wizi, katika mahakama moja ya huku pwani. Shahidi alikuwa mzee mwenye duka. Yeye anasema Kiswahili, mimi nimesimama kando ya kizimba natafsiri, hakimu anaandika Kiingereza kwa mkono. Mzee akasema: "Nilikuwa nafunga duka, akaja mtu." Saa saba ilikuwa inakaribia, tumbo langu linanguruma, ulimi ukateleza: "I closed the shop and a man came." Hakimu akaandika.

Zamu ya wakili wa mshtakiwa ilipofika, akaishika sentensi ile kama paka amshikavyo panya. Kama duka lilikuwa limeshafungwa, huyo mwizi alipita wapi? Taa zilikuwa zimezimwa au zinawaka? Na kama mzee alikuwa ameshaweka kufuli, ilikuwaje pesa zikatoka ndani? Mzee hakumjibu. Aligeuka akanitazama mimi, maana alijua vizuri alichokisema. Ikanibidi niombe ruhusa, nimwambie hakimu mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, na maneno ya shahidi ni "I was closing the shop when a man came." Hakimu akapiga mstari juu ya ile ya kwanza, akaandika ya pili bila kuniangalia usoni. Mlango uliokuwa umefungwa ukawa wazi nusu, taa ikarudi kuwaka, na mwizi akapata pa kuingilia.

Sasa yarudie maneno ya mzee taratibu. "Nilikuwa nafunga" inatuweka pale mlangoni, mkono uko kwenye kufuli. "Akaja" ni tukio zima, linaingia na kukikatiza kile kilichokuwa kinaendelea. Kwa hiyo mambo yote mawili unayoyatafuta kwenye kitabu cha sarufi unayo mdomoni tangu ulipoanza kusema. Hiyo -ka- yetu ndiyo iwe mlinzi wako. Ukisimulia "niliamka, nikanawa, nikatoka", Kiingereza chake ni "I woke up, washed and went out", bila "-ing" hata moja. Popote unapoisikia -ka- kichwani, andika umbo fupi. Mimi haijaniangusha mpaka leo.

Tatizo lako liko kwingine, na maduara manne kati ya saba yanasema jambo lilelile. Umeandika: "When I was small I was fetching water every morning." Najua ulichofikiri: "Nilikuwa nikichota maji kila asubuhi." Kwa Kiswahili huna kosa, maana "nilikuwa nikichota" yetu hubeba mizigo miwili. Yaweza kuwa siku ile moja, uko kisimani, ndoo imejaa nusu. Yaweza pia kuwa mazoea ya miaka. Kiingereza kwa kawaida hukataa kuibebesha "was fetching" mzigo wa pili. Mazoea wanayapakia kwingine: "I fetched water every morning", au "I used to fetch water". Ukiona "kila siku" au "kila Ijumaa" inakuja kwenye sentensi yako, simamisha kalamu kwanza. Isipokuwa mtu akilalamika: "He was always borrowing my pen." Hapo wanakubali, na ukisikiliza vizuri utasikia mtu aliyekwisha kuchoka na mwenzake.

Duara la tano ndilo nililolipenda, kwa sababu linakwenda kinyume. Umeandika mgeni "had worn a white kanzu". Umeifuata -me-: mgeni alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Sentensi hiyo nimeitafsiri zaidi kuliko zote maishani mwangu, maana hakuna kesi ambayo wakili hakuuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Kwetu kuvaa ni ile kazi ya kuingiza mikono, ikiisha -me- inabaki na nguo mwilini. Wao kazi ile wanaiita "put on", na "wear" ni kule kuwa na nguo mwilini. Kwa hiyo aliyekuwa amevaa "was wearing". Aliyekuwa amelala "was sleeping", aliyekuwa amekaa barazani "was sitting". Ukiandika "had slept", msomaji ataelewa kwamba usingizi ulikwisha, mtu ameshaamka. Mahakamani huyo si shahidi yuleyule tena!

La sita ni "I was knowing the answer". Kitenzi cha kujua hakitaki "-ing", wala cha kutaka, wala cha kuamini. Andika "I knew". Na "nilikuwa na baiskeli" ni "I had a bicycle", usiandike "was having". La saba ni tahajia tu, "writing" ina t moja.

Kuna jambo moja limenikaa rohoni. Mama yako alinipigia jana, lakini simu ilikuwa ikikatika, nikaambulia vipande. Nilisikia habari za wewe kulia, na za yeye kurudi kutoka sokoni. Ikiwa ni "I was crying when she came home", basi ulikuwa unalilia maduara haya, na dawa yake ndiyo hii barua. Ikiwa ni "I cried when she came home", nahisi kuna kitu kingine alikikuta nyumbani, na wewe ulikuwa unakijua. Dada yangu namfahamu. Niandikie ni ipi kati ya hizo mbili, kwa Kiingereza.

Mjomba wako