Betri Iliyojaa Pomoni



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuwasimulie habari za ubao. Si ubao wa darasani, bali ule wenye magurudumu manne na mota ya umeme, ambao sisi ndugu wawili tumeufanya chombo chetu cha kila siku tangu tuhamie Berkeley, katika jimbo la California, Marekani. Kila mmoja wetu anao wake.

Tunakaa mlimani. Asubuhi tunateremka hadi kituo cha treni ya BART, tunazibeba mbao kwapani, na tukifika San Francisco tunamalizia safari juu ya mbao zilezile. Hatuhangaiki na petroli wala mahali pa kuegesha. Sheria ya jimbo, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inamtaka mwendeshaji awe ametimiza miaka 16, avae kofia ngumu, na asizidi mwendo wa kilomita 24 hivi kwa saa. Hayo yote tuliyashika, tukajihesabu kuwa watu waangalifu.

Kumbe lilikuwapo jambo tusilolijua. Katika mbao nyingi za namna hii, unapofunga breki mota hugeuka jenereta, na umeme unaozaliwa hurudishwa katika betri. Betri ikiwa imejaa pomoni, umeme huo hauna pa kuingia; breki hulegea, pengine hukatika kabisa. Habari hiyo imeandikwa katika kijitabu cha maelekezo. Sisi kijitabu hatukukisoma, na betri tulizichaji usiku kucha.

Kwa muda mrefu hatukudhurika, kwa kuwa njia yetu ilianzia tambarare. Siku moja tulichelewa, tukakata njia kwa mteremko mkali. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tulikuwa juu, na chini, kwenye kivuko, alikuwapo bibi mzee amemshika mjukuu wake mkono. Mmoja wetu alibonyeza breki, ubao ukalia mlio mwembamba, na mwendo haukupungua. Hatutasema alikuwa nani, maana kosa lilikuwa letu sote. Alijitupa kwenye ua wa majani. Ubao ulimpita mtoto kwa hatua mbili tu.

Tulitazamia kukemewa, na tulistahili. Bibi yule alitoa leso mkobani, akaifunga kwenye goti lililochanika, kisha akauliza kama tungeweza kutembea. Mtoto alikuwa bado analia.

Kilio kile hakijatutoka masikioni. Tulikuwa tumeupima usalama kwa ujazo wa betri, tukifikiri kadiri inavyojaa ndivyo tunavyojiandaa vema. Tuliifikiria safari yetu tu. Usalama wa mtoto yule ulikuwa katika nafasi tupu ambayo hatukuiacha.

Siku hizi tunachaji hadi asilimia 80 hivi, na mteremko ule tunaushuka kwa miguu, mbao mkononi. Tunachelewa dakika kumi. Ndugu msomaji, huenda wewe huna ubao. Una gari, au pikipiki, au baiskeli tu. Kabla ya kuuliza kama chombo chako kitakufikisha, uliza kwanza kama kitasimama kwa ajili ya anayevuka.

Tunawatakia juma jema.