Seva Ilipoanguka, Tuliwalaumu Wanafunzi

Muhula mmoja, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, seva ya usajili wa masomo ilianguka mara kadhaa kwa siku. Ikiwashwa upya hufanya kazi saa moja au mbili, kisha hufa tena. Wanafunzi waliokesha wakijaribu kujisajili waliambiwa kwamba tatizo ni wao: wanaingia wengi kwa mpigo. Tarehe ya mwisho ilipopita, waliochelewa wakatozwa faini.

Nilijitolea kuwasaidia wataalamu wa TEHAMA, kwa kuwa mifumo ya Unix niliizoea tangu nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Nilikuta uamuzi umekwisha kufikiwa: inunuliwe seva kubwa zaidi. Nikaomba tutazame ushahidi kwanza. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa na nafasi tele. Taarifa za programu yenyewe zilikatika ghafla, bila neno la kuaga. Taarifa za mfumo zilitaja ishara namba 11, yaani programu imeuawa kwa kugusa eneo la kumbukumbu lisilo lake.

Unix ina desturi njema. Programu inapokufa hivyo, mfumo unaweza kuhifadhi taswira ya kumbukumbu yake katika faili liitwalo core, mfano wa maiti iliyohifadhiwa ili ichunguzwe. Nilipoandika amri ya ulimit -c, jibu likawa 0. Maana yake, kila seva ilipokufa ilizikwa bila uchunguzi, na mpangilio huo ulikuwa wetu. Tukaondoa kikomo, tukaiwasha upya, tukasubiri.

Ilipoanguka tena, tulilifungua faili hilo kwa gdb. Sehemu moja ya programu, ile inayokagua kama mwanafunzi amefaulu kozi za awali, ilikuwa imejiita yenyewe maelfu ya mara. Kila mwito huchukua nafasi kwenye staki, eneo ambalo programu huhifadhi kumbukumbu ya mahali pa kurudi. Kwa ulimit -s tuliona kikomo chake: kilobaiti 8192, sawa na megabaiti 8. Staki ilikuwa ikifurika. Mwenzetu mmoja alipandisha kikomo hadi megabaiti 64. Seva ikafa vilevile.

Ndugu msomaji, hali hii unaifahamu. Mtendaji wa kata anakuambia ulete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye hawezi kuandika mpaka mtendaji agonge muhuri. Ndivyo ilivyokuwa. Kozi moja ilidai kozi ya pili, na ya pili ikadai ile ya kwanza. Alitosha mwanafunzi mmoja kuichagua mojawapo. Programu ilizunguka mpaka ikafa, na wote waliokuwa ndani wakatupwa nje. Wingi wao haukuhusika.

Masharti hayo yaliingia kwenye mtaala kupitia kikao cha idara. Nilitafuta muhtasari wa kikao. Jina langu lilikuwa miongoni mwa waliohudhuria, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba nilipinga.

Tiba ilichukua asubuhi moja: sharti moja lilifutwa, na programu ikawekewa kinga ili kozi iliyokwisha kukaguliwa isikaguliwe tena. Seva mpya haikuhitajika. Niliandika barua kuomba faini zirudishwe. Nikajibiwa kwamba mfumo sasa unafanya kazi vizuri, kwa hiyo suala limefungwa.

Tumekuwa hodari wa kuwasha upya. Kikivunjika kitu tunabadilisha vifaa, tunaunda kamati, tunawakaripia walio chini. Maiti hatuipasui, kwa sababu huenda ndani yake tukakuta saini zetu.

Mwanafunzi mmoja alikuja ofisini kwangu na stakabadhi ya faini yake. Nilimweleza yote, hata habari za kikao kile. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Dokta, na nyinyi mlitozwa kiasi gani?”

Sikuwa na jibu la kumpa.